Magari Mawili ya Yeyo

Watu wakiniuliza ni lipi bora kati ya yale magari mawili, mimi hukasirika kabla sijajibu. Si kosa lao. Wanajua nimeyamiliki yote na kuyaendesha miaka, na wao wanataka tu kujua wanunue lipi. Lakini mimi siwezi kuzungumza juu ya siti na springi na unywaji wa mafuta bila kumwona mwanamke aliyekuwa nayo kabla yangu, na nikimwona yeye, hasira inarudi.

Sisi wapangaji wake tulimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Alikuwa na safu mbili za vyumba vya mawe nyuma ya soko la Kitengela. Mimi na mume wangu tulihamia kimoja mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipopata uhamisho kutoka Vihiga kuja kufundisha shule ya msingi. Mume wangu alifanya kazi Nairobi, akitoka alfajiri na kurudi giza limeingia, kwa hiyo mambo ya ploti yote yalikuwa kati yangu na Yeyo.

Hakuwa mtu mpole. Jumamosi alikuja kukagua mitaro. Alisimama katikati ya ua, shanga shingoni, bakora mkononi, akaita watu kwa kazi zao: Mwalimu, Karani, Mama Mandazi. "Mwalimu, takwenya," alinisalimu kwanza, nami nikaitikia, "Iko," kama alivyonifundisha. Kisha bila kupumua: "Watoto wako wanamwaga maji ya nguo hapa. Hii ni mlango ya mtu, si mto."

Hakujua kusoma. Lakini kazi yake ilikuwa kununua ng'ombe sokoni Bisil, kuwanenepesha na kuwauzia wenye bucha, na katika kazi hiyo sikuona aliyemshinda. Alimtazama fahali juu ya ua na kutaja uzito wake, na wenye bucha waliacha kubishana naye zamani. Dume akimkorofisha alimsonta puani kwa kidole, kidole tu, naye dume alirudi nyuma. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi. Ndiyo maana nilidhani hakuna kitu duniani anachokiogopa.

Gari la kwanza lilikuwa la Kijapani, la kijani, refu, la dizeli, lenye siti za safu tatu. Wakati huo gari kama hilo lilikuwa la wabunge na wazungu wa mashamba. Alinichukua twende naye Nairobi kwa sababu alitaka mtu wa kusoma karatasi. Kijana wa kuuza alitutazama, akatazama nyuma yetu, akauliza, "Mzee yuko wapi?"

"Mzee amelala," Yeyo akamjibu. "Mimi niko macho."

Alilikagua kama anavyokagua ng'ombe. Alipitisha kiganja chini ya milango, akafungua boneti akachungulia muda mrefu, akanusa moshi, kisha akalala chali sakafuni na shuka lake jekundu, akaingia chini ya gari mpaka zikabaki nyayo tu. Alipotoka alisema, "Nachukua hii." Akatoa pesa za ng'ombe wake mwenyewe kutoka kwenye kitambaa kiunoni. Mimi nilikuwa hapo.

Tulipofika kwenye fomu, nikauliza niandike jina gani. Akataja la mumewe.

"Yeyo, gari ni lako."

"Andika yake. Polisi wa Athi River wakiona jina ya mwanamke watanisimamisha kila siku." Akacheka. Nami nikacheka, nikaandika. Ni mwandiko wangu, mzuri, ule wa ubaoni. Nimewahi kuota niko ofisini pale na kalamu haina wino.

Mwenyewe alijifunza kuendesha kwa wiki mbili kwenye uwanda ulio nyuma ya Isinya, bila mwalimu, akiwatawanya pundamilia. Aliendesha bila viatu. Na gari lile hakulionea huruma wala hakulifanyia maringo: lilibeba kondoo, magunia ya unga, kwaya ya kanisa, wagonjwa. Mwaka wa mvua ya El Nino udongo wetu mweusi uligeuka gundi, madaraja madogo yakaenda na maji, na mwanamke akishikwa na uchungu upande wetu alipelekwa hospitali Kajiado na Yeyo. Hakuuliza wewe ni kabila gani wala umemaliza kodi ama bado. Mtoto wangu wa tatu nilimpata baada ya safari kama hiyo. Nilikuwa nimelala siti ya katikati nikilia kila tukiingia shimoni, naye alinifokea kutoka kwenye usukani: "Nyamaza, mwalimu! Unafanya gari ifikirie wewe!" Nilinyamaza. Tulifika.

La pili alilinunua wakati biashara imemnyookea, mwishoni mwa miaka hiyo. Hili lilikuwa la Kiingereza, rangi ya fedha, injini kubwa ya petroli, siti za ngozi zenye rangi ya chai ya maziwa. Badala ya springi lilikuwa na mifuko ya hewa. Ulibonyeza kitufe likainuka taratibu kama ngamia. Na hapa nilianza kuona kwamba simwelewi. Mwanamke aliyeshona shuka lake mara tatu kabla ya kununua jingine, aliyelala kwenye kitanda cha ngozi, alilipenda gari lile kupita kiasi. Kondoo hawakuingia. Wewe mwenyewe kuingia ulivua viatu, na kama umetoka shambani aliweka gunia chini yako. Mwanafunzi wangu mmoja alilitapikia mlango kwa nje, na Yeyo alimkosea heshima mama yake hadharani mpaka mama akalia.

Nilimuuliza lipi analipenda zaidi. Alijibu mara moja, kama mtu aliyekuwa akilifikiria hilo.

"Hii ya kijani inanipeleka. Hii nyingine inanibeba. Na mimi sijabebwa tangu nitoke mgongo ya mama."

Sasa na mimi niseme yangu, kwa kuwa yote mawili yamepita mikononi mwangu. La kijani ni gumu. Kutoka Isinya mpaka Kajiado figo zako zinalijua kila jiwe, na usukani ni mzito kama pipa la maji. Siti za nyuma kabisa ni za watoto. Mtu mzima akikaa hapo magoti yanamfika kidevuni. Lakini Julai, baridi imekaza, unalipasha moto kidogo na linawaka, na likikwama njiani, fundi yeyote mwenye spana na kipande cha waya analiamsha. La fedha, ukifunga mlango dunia inanyamaza. Watoto wangu walilala kabla hatujafika Athi River. Linakata kona bila kuyumba, na umekaa juu, unaona ng'ombe ng'ambo ya ua kabla hawajaingia barabarani. Lakini asubuhi unalikuta limekaa chini upande mmoja kama ng'ombe aliyenuna, taa ya onyo inawaka, na mafundi watatu wa Kitengela wanakupa magonjwa matatu. Anayetaka gari la kusafiri na familia siku ya harusi anunue la fedha. Anayetaka kufika anunue la kijani. Huo ndio ukweli, na nisingekuwa na jambo la kunikasirisha ningeishia hapo.

Mume wa Yeyo alikufa baada ya kuugua muda mrefu. Tulimzika nyumbani kwao, ng'ambo ya Isinya, mchana wa jua kali. Kaburi lilipokwisha kufunikwa, mchungaji naye akiwa ameondoka, ndugu za marehemu waliita kikao kando ya hema. Aliyekiongoza ni kaka mkubwa wa marehemu, shemeji yake Yeyo, mtu wa kofia ya ngozi na miwani ya jua, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Mkononi alikuwa na kitabu cha usajili cha gari la kijani. Sijui alikitoa lini ndani ya nyumba ya mgonjwa.

"Gari ya ndugu yetu," alisema, "itabaki kwa ndugu zake. Mama yuko na ile ingine."

Lile jingine Yeyo alikuwa ameliandikisha kwa jina lake mwenyewe, ndiyo maana hawakuligusa. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyemuuliza mjane, aliyekuwa amekaa chini na wanawake wengine, kichwa kimenyolewa, macho ardhini.

Nilisimama. "Hiyo gari si ya marehemu. Ni ya Yeyo. Alinunua na pesa ya ng'ombe zake, mimi nikiona. Hilo jina kwa hicho kitabu niliandika mimi."

Shemeji alivua miwani, akanitazama kutoka viatuni mpaka kitambaa cha kichwani. "Na huyu ni nani? Siku hizi wapangaji wanaongea kwa matanga ya watu?"

Watu walicheka. Sikujali kicheko. Nilikuwa namtazama Yeyo, nikingoja ainue kile kidole chake.

Hakuinua hata uso. "Keti, mwalimu," alisema.

"Yeyo, nina ushahidi, naweza..."

"Nimesema keti. Hii si darasa yako."

Kisha aliingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo, akamnyooshea shemeji. Shemeji alipouchukua, Yeyo akamwambia kwa sauti ya chini, "Asubuhi ipashe moto kidogo kabla ya kuitoa." Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko. Niliondoka bila kula, nikatembea kwa miguu mpaka barabarani, na kwa miezi mingi kodi yangu ilipelekwa na Mama Mandazi.

Nilikuwa na hasira na yule mwanamume, hilo linaeleweka. Lakini hasira kubwa ilikuwa kwa Yeyo. Alikuwa ametutetemesha miaka yote kwa maji ya nguo na viatu vyenye tope, sisi tusio na nguvu. Wenye nguvu walipokuja, aliwapa ufunguo na kuwaeleza jinsi ya kuliwasha gari. Halafu nikawa namtafutia sababu. Labda, nilijiambia, alitoa gari ili wamwachie ardhi, aiache kwa binti zake wawili. Labda kulikuwa na makubaliano ambayo mgeni kama mimi hawezi kuyajua. Niliipenda sababu hiyo. Nilimsimulia mume wangu kama kitu nilichokiona kwa macho.

Shemeji hakulimiliki gari muda mrefu. Alilibebesha mchanga wa mtoni, akalikodisha kwa kampeni za diwani, hakubadilisha oili, mpaka likamfia. Nililikuta siku moja nyuma ya gereji Kajiado, nilipokwenda mkutano wa walimu. Limekaa kwenye mawe, kuku ametaga kwenye siti ya katikati, ile niliyolala mimi. Nilisimama pale nikilia kwa hasira mpaka fundi akaniletea kiti.

Nikamsumbua mume wangu. Tulikopa kwa chama cha akiba cha walimu, nikalinunua kwa yule yule shemeji, likafunguliwa injini, likarudi kuwa gari. Siku nilipolitoa nililiendesha moja kwa moja hadi getini kwa Yeyo, nikapiga honi ndefu. Nilijiona nimeshinda vita.

Alitoka. Akalizunguka polepole, akagusa boneti. "Umeipata wapi?"

"Nimemnyang'anya," nilisema nikicheka.

"Umemnyang'anya ama umempa pesa?"

"Nimelinunua, Yeyo."

"Umempa pesa," alisema. "Umempa pesa kwa gari yangu." Akaingia ndani, akafunga geti, na nikasikia komeo.

Miaka miwili hakukanyaga ndani ya gari la kijani. Hata siku gari lake la fedha lilipozama kwenye kivuko cha mto baada ya mvua, nami nikapita na la kijani, hakuingia. Alishuka majini mwenyewe, akafunga kamba, nikalivuta. Lile la kifahari lilitoka likichuruza maji kwenye milango yote. Akafungua kamba, akanitupia mikononi, akaenda. Hata "ashe" ya asante hakusema. Nami nilirudi nyumbani, nikabamiza sufuria.

Basi ukaja ule ukame. Barabara ya Namanga ilinuka mizoga. Ng'ombe wa Yeyo walianguka Bisil wakiwa wamesimama kwenye mstari wa maji, na yeye, aliyeweza kutaja uzito wa fahali kwa macho, alikuwa akiwabeba ndama mikononi. Alikuja kwangu asubuhi ya Jumapili, gari la fedha limeoshwa likang'aa. Alikuwa amekonda.

"Mwalimu, wewe unapenda kununua magari yangu," alisema. "Nunua na hii. Nataka nyasi."

Nililinunua. Kesho yake lori la nyasi lilikwenda Bisil, na yeye akalifuata. Vyumba vya Kitengela aliwaachia binti zake, naye hakurudi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa miaka michache baadaye, siku ya mnada Bisil. Sisi tulikuwa tumejenga nyumba yetu Kitengela, la kijani tumeliuza kwa mkulima wa Entarara, na nilikwenda na la fedha. Boma lake lilikuwa dogo, ua wa miiba, mbuzi wachache, nyumba ya mabati. Nilipoinama kuingia getini nilimwona kwanza mwanamume kwenye kiti cha plastiki, kivulini. Mdomo umeenda upande, mkono mmoja umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Kofia ya ngozi ndiyo iliyonifanya nimtambue shemeji yake. Yeyo alikuwa ameinama mbele yake, anamlisha uji kwa kijiko.

Nilisahau kusalimu. "Yeyo. Huyu?"

"Takwenya, mwalimu."

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anakula," alisema. "Alipigwa na presha. Watoto wake walimleta, wakamwacha kwa geti kama mbuzi mgonjwa. Ningemweka wapi?"

Niliitupa chini mikoba ya unga na sukari niliyokuwa nimemletea. Kila nilichokibana tangu siku ya matanga kilitoka, pale mbele ya mgonjwa. Nilimkumbusha gari lililobeba mchanga. Nilimkumbusha kuku. Nilimwambia kwamba nilisimama peke yangu kumtetea na yeye akanifanya kichekesho. "Angalau niambie ulikuwa na sababu," nilisema. "Niambie ulikuwa unalinda shamba."

"Shamba gani? Shamba waliuza mwaka uliofuata."

"Basi kwa nini?"

Alikung'uta kijiko kwenye ukingo wa bakuli. "Niliogopa."

"Wewe?"

"Mimi. Wewe ulikuwa na nyumba Kitengela ya kurudi jioni, na Jumatatu ungeenda shule. Mimi ningelala hapo na hao wote, na watoto wangu wasichana. Ukiongea, mimi ndiye ningepigwa, si wewe. Wewe ulifikiri mimi siogopi kitu. Mimi sikukuambia hivyo. Ulijiambia."

Nikamtazama yule mwanamume. Jicho lake moja lilikuwa wazi, limetulia juu yetu. "Anasikia?"

"Anasikia yote. Hiyo ndiyo kazi imebaki kwake." Akamgeukia, akamfuta kidevu kwa nguvu, si kwa upole hata kidogo. "Na wewe usifikiri nampenda, mwalimu. Kila asubuhi kabla ya uji namwambia vile alifanya. Yote, moja moja. Halafu nampa uji."

Tulikunywa chai. Nilipoinuka kuondoka alichukua ufunguo mkononi mwangu bila kuuliza, akapanda kwenye usukani, nami nikazunguka nikakaa kando. Alikuwa amezeeka, aliinua mguu wa kulia kwa mikono miwili ili uingie. Lakini alipoliondoa gari, lilitulia chini yake kama halijawahi kuwa langu. Alipita katikati ya mawe na mashimo yale bila kugusa hata moja, uso haujabadilika, mpaka kwenye lami.

Hapo akasimama, akafungua mlango.

"Breki imeisha, mwalimu. Usifike Kitengela na hii. Pitia kwa fundi hapo Kajiado."

Akashuka, akashika njia ya kurudi kwake, shuka likipepea. Hakugeuka. Nilitaka kumwita nimwombe msamaha, na pia nilitaka kumpigia kelele, na sikujua kipi kianze, mpaka akapotea nyuma ya mbuzi wa watu waliokuwa wakitoka mnadani.

Nilikwenda Kajiado kwa gia ya chini, nikiwaachia wengine barabara. Nilipomwambia fundi kwamba breki zimeisha, maneno yalitoka kwa ukali hata akarudi nyuma hatua moja, spana mkononi.

"Pole, madam," alisema, kana kwamba ni yeye aliyezimaliza.